Zulia Likazwe au Liondolewe

Wahenga walisema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ni methali ya faraja, na kwa kijana mwenye viungo vyepesi ni ya kweli hata katika maana yake ya nje: mguu hugonga kitu, mwili huyumba, mikono hutafuta mhimili, kisha mwendo huendelea. Kwa mtu aliyefikisha umri wa miaka 75 mambo ni tofauti. Kwake, kati ya kujikwaa na kuanguka hakuna nafasi kubwa, na kati ya kuanguka na kuvunjika nyonga nafasi ni ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo, vitu vinavyokwaza miguu ndani ya nyumba si mambo ya usafi na mapambo tu. Ni mambo ya afya, nasi wa taaluma ya afya tunapaswa kuyasemea.

Kitu kimojawapo ni zulia. Simaanishi zulia kwa jumla, bali zulia la kufunika chumba kizima ambalo limetandazwa bila kukazwa wala kufungwa. Hoja ya makala haya ni moja: zulia la aina hiyo ama likazwe na kufungwa ipasavyo, ama liondolewe. Hali ya katikati, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika nyumba zetu nyingi, ndiyo yenye madhara. Tena kazi hiyo ya kukaza ifanywe kwa chombo kinachofaa, si kwa goti la fundi.

Katika maduka ya Kariakoo, na ya miji yetu mingine, zulia huuzwa kwa mita. Mnunuzi huja na vipimo vya sebule yake, hukatiwa kipande, hukibeba kikiwa kimeviringwa, na jioni hiyo hiyo hukitandaza. Kingo hukatwa kwa kisu kufuata ukuta, makochi hurudishwa mahali pake, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Miguu ya makochi ndiyo misumari, na uzito wa kabati ndio gundi. Kwa majuma machache chumba hupendeza. Kisha msimu wa mvua hufika, makochi husukumwa huku na huku wageni wanapokuja, na siku moja mwenye nyumba huona mstari ulioinuka katikati ya sebule. Huukanyaga kwa mguu, nao hulala. Kesho yake huinuka tena, hatua moja mbele ya pale ulipokuwa.

Kwa nini zulia hufanya mawimbi

Mawimbi hayo si dalili ya zulia bovu. Ni tabia ya kitu chenyewe. Mazulia mengi ya siku hizi hutengenezwa kwa kuchoma nyuzi katika kitambaa cha mgongoni, kisha kuongezwa kitambaa cha pili kwa gundi. Mgongo huo hujikunja unapoviringwa kiwandani, na hulegea taratibu unapotandazwa. Joto na unyevu huulegeza zaidi, nao uzito wa nyayo na samani huusukuma upande mmoja. Zulia likilegea huku ukuta ukilizuia kusogea, halina pa kwenda ila juu.

Dawa ya tabia hiyo imejulikana kwa mafundi kwa muda mrefu, nayo ni kulivuta zulia mapema, kabla halijalegea lenyewe. Kwanza zulia huachwa limefunuliwa ndani ya chumba kwa muda wa siku moja hivi, lizoee hali ya hewa ya mahali hapo. Pembeni mwa kuta hupigiliwa papi nyembamba zenye vimisumari vilivyochomoza kwa juu na kuinamia ukutani, na kati ya papi na ukuta huachwa upenyo mdogo. Sponji ya chini hutandazwa ndani ya mstari wa papi, isipande juu yake. Zulia hunasishwa katika kuta mbili zinazopakana, kisha huvutwa kuelekea kuta za pili. Kwa mazulia mengi ya nyuzi za viwandani, kiasi kinachotakiwa ni kati ya asilimia 1 na asilimia 1.5 ya urefu. Katika chumba cha mita 4, hiyo ni sentimita 4 hadi 6. Ziada hukatwa, na ukingo huingizwa katika ule upenyo wa ukutani kwa patasi butu. Mlangoni, ambako mguu huvuka kutoka zulia kwenda marumaru, hupigiliwa ukanda wa bati la kuushika ukingo.

Zile sentimita 4 hadi 6 zitatoka siku ya kutandika, kwa nguvu ya mvuto, au zitatoka zenyewe baadaye kwa sura ya mawimbi. Zulia lililokatwa sawasawa na ukuta bila kuvutwa tayari limebeba mawimbi yake ndani.

Sentimita moja na nusu ya mguu

Mtu mzima anapotembea mahali tambarare, ncha ya kiatu chake au kidole chake cha mguu hupita juu ya sakafu kwa kimo kidogo mno: kwa kawaida kati ya sentimita 1 na 2 tu katika sehemu ya hatua ambapo mguu huwa chini zaidi. Hatuinui miguu yetu zaidi ya hapo kwa sababu mwili hubana matumizi ya nguvu. Wimbi la zulia lenye kimo cha sentimita 2 kwa hiyo halihitaji uzembe wa mtembeaji. Linatosha kuukamata mguu wa mtu anayetembea kama anavyotembea siku zote.

Kijana akikamatwa hivyo, hutupa mguu wa pili mbele kwa haraka na kuuokoa mwili. Mzee hawezi haraka hiyo. Misuli ya mapaja imepungua, macho yaliyoingiwa na mtoto wa jicho hayatofautishi wimbi na ua la zulia, nyayo za mwenye kisukari cha miaka mingi hazihisi vyema kilicho chini yake, na dawa za shinikizo la damu au za usingizi humfanya ayumbe anaposimama usiku kwenda msalani. Kila sababu peke yake ni ndogo. Zikikutana juu ya wimbi moja la zulia saa nane za usiku, zinatosha kumlaza hospitalini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kuanguka ni sababu ya pili ya vifo vitokanavyo na majeraha yasiyo ya kukusudia, nyuma ya ajali za barabarani, na walio wengi kati ya wanaokufa wana umri wa zaidi ya miaka 60. Kuhusu mazulia hasa, uchunguzi uliofanywa Marekani kwa takwimu za miaka ya 2001 hadi 2008 ulikadiria kwamba watu takriban 38,000 wenye umri wa miaka 65 au zaidi walitibiwa kila mwaka katika idara za dharura kwa majeraha ya kuanguka yaliyohusishwa na mazulia, makubwa na madogo. Karibu robo tatu ya maanguko hayo yalitokea nyumbani. Nyumba za Marekani si nyumba zetu, na mazulia yamejaa kwao kuliko kwetu. Lakini mguu wa mzee ni uleule.

Wanaomuuguza mzee aliyevunjika nyonga wanajua kinachofuata. Mfupa wenyewe si tatizo la mwisho. Kulala kwa majuma huleta vidonda vya mgandamizo, damu kuganda katika mishipa ya miguu, na nimonia. Hata katika nchi ambako upasuaji hufanywa haraka, tafiti nyingi zimeonesha kwamba mtu mmoja kati ya watano, au zaidi, hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga. Wengi wanaobaki hai hawarudii mwendo wao wa awali. Binti au mkwe huacha biashara ili amhudumie. Hilo halimo katika bei ya zulia tuliyolipa dukani.

Goti la fundi

Nikishasema kwamba zulia likazwe, napaswa kuuliza ni nani atakayelikaza, na kwa gharama gani mwilini mwake. Chombo kilichoenea zaidi kwa kazi hiyo ni kifupi: upande mmoja kina meno ya kushika zulia, upande wa pili kina mto mdogo. Fundi hupiga magoti, huyachomeka meno zulianii, kisha huupiga mto kwa goti lake, mahali palipo juu kidogo ya pia ya goti. Kila pigo husogeza zulia kidogo. Chumba kimoja huhitaji mapigo mengi.

Mwaka 1990, taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kazi hiyo. Ilieleza kwamba watandikaji wa mazulia walikuwa chini ya asilimia 0.06 ya nguvukazi ya nchi hiyo, lakini walifikia asilimia 6.2 ya madai yote ya fidia kwa majeraha ya goti. Vipimo vya maabara vilikuwa vimeonesha kwamba nguvu ya pigo moja inaweza kufikia takriban mara nne ya uzito wa mwili. Goti lina vifuko vidogo vyenye majimaji ambavyo hulainisha mwendo wa ngozi na kano juu ya mfupa. Vikigandamizwa na kupigwa kila siku, huvimba, hujaa maji, na wakati mwingine huingiwa na vijidudu. Kwa miaka, gegedu nalo husagika. Fundi aliyekuwa akipiga magoti siku nzima hufika mahali ambapo kusujudu, kuchuchumaa au kupanda ngazi ni adhabu.

Tahadhari ile haikupendekeza kwamba mazulia yaachwe kukazwa. Ilipendekeza chombo kingine. Kuna kikazio chenye nguzo ya vyuma vinavyoungwa kimoja kwa kingine hadi kuvuka chumba. Mkia wake huegemezwa ukuta mmoja, juu ya ubao ili usitoboe lipu, na kichwa chake chenye meno hushika zulia karibu na ukuta wa pili. Fundi hubonyeza mkono wa chuma, na zulia lote huvutika kwa pamoja na kunasa katika vimisumari. Goti halipigi kitu. Kile chombo kifupi hubaki kwa pembe, ngazi na vyumba vya kabati ambako nguzo haienei, na hata huko fundi huvaa pedi za magotini.

Kikazio hicho hulivuta zulia kwa usawa na kwa nguvu kuliko goti. Kwa hiyo kinachomlinda fundi ndicho kinachomlinda pia mzee atakayetembea juu ya zulia hilo miaka mitano baadaye. Ni nadra katika masuala ya afya kupata jambo ambalo faida za pande mbili zinalingana hivyo.

Unyevu, vumbi na gundi

Mtu anaweza kuliona zulia lililokazwa vyema na kudhani kwamba hoja zimekwisha. Katika ukanda wetu wa pwani zinabaki mbili.

Ya kwanza ni unyevu. Utitiri wa vumbi, ambao ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, haunywi maji. Huyapata kutoka hewani, nao hustawi pale ambapo unyevu wa hewa hauteremki chini ya takriban asilimia 50. Dar es Salaam, Tanga na Unguja huwa juu ya kiwango hicho kwa muda mwingi wa mwaka. Chakula chake ni magamba ya ngozi yetu, na kinyesi chake ni kiamsha mzio kinachojulikana sana katika ugonjwa wa pumu, tangu watafiti wa Leiden nchini Uholanzi walipobainisha uhusiano huo katika miaka ya 1960. Zulia lililofungwa ukuta kwa ukuta haliwezi kutolewa nje na kuanikwa juani. Hapa mama zetu walikuwa na hekima ambayo hatukuiita sayansi: mkeka ulitandikwa mgeni alipofika, ukakung'utwa na kuanikwa, kisha ukaviringwa na kusimamishwa pembeni. Haukulala chini mwaka mzima, na kwa hiyo haukumkwaza mtu wala kumlea mdudu.

Nyumba yenye mtoto wa pumu iliyoko pwani, kwa maoni yangu, haihitaji zulia la kufunika chumba, hata likazwe vizuri kiasi gani. Njombe, Makete na Lushoto ni habari nyingine. Huko sakafu ya saruji asubuhi ya Julai ni baridi kweli kweli, na zulia lina kazi yake. Hata huko, sakafu ipimwe kwanza. Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kibandikwe sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote, kiachwe usiku na mchana. Matone yakionekana chini yake, sakafu ingali inatoa maji, na zulia litakalowekwa hapo litaota kuvu kwa chini huku juu likionekana safi.

Ya pili ni gundi. Wapo wanaotaka kukwepa papi na kikazio kwa kubandika zulia lote kwa gundi ya kopo. Gundi nyingi za aina hiyo zina viyeyusho, kama toluini, ambavyo mvuke wake huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na huweza kushika moto kutoka kwenye jiko au kiberiti. Anayeitumia afungue madirisha na milango yote, azime kila moto, na watoto na mama wajawazito wasiwemo ndani siku hiyo.

Majibu kwa wanaopinga

Msomaji mwenye haki atasema kwamba zulia pia hulinda: sakafu laini hupunguza ukali wa pigo, na marumaru yenye maji huteleza. Ni kweli. Sijengi hoja dhidi ya zulia. Lakini ulaini huo ni faida kwa aliyekwisha kuanguka, na wimbi ndilo linalomwangusha. Zulia lililokazwa hutoa faida ya kwanza bila kuleta madhara ya pili.

Mwingine atasema kwamba yeye ni mpangaji, na mwenye nyumba hatakubali misumari sakafuni. Huyo na asitandike ukuta kwa ukuta. Zulia dogo lenye mgongo wa mpira, au lililowekewa wavu wa mpira chini yake, likae mbele ya makochi, mbali na njia ya kwenda msalani. Kingo zake zilale bapa, na likianza kujikunja liondoke. Msala nao uswaliwe juu yake, kisha ukunjwe.

Wa tatu atasema kwamba kikazio cha nguzo ni ghali kwa fundi wa mtaani. Hoja hii ndiyo nzito, na haifai kujibiwa kwa kumlaumu fundi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 humlinda mwajiriwa kwa michango ya mwajiri wake. Fundi anayeitwa kwa simu, akalipwa jioni, hana mwajiri wa kumchangia. Goti lake likiharibika, hasara ni yake na ya watoto wake. Lakini kikazio kimoja chaweza kuhudumia mafundi wengi, kwa kuwa hutumika kwa saa chache katika kila nyumba. Mwenye duka anayeuza mazulia kwa mita anaweza kukinunua na kukiazimisha pamoja na zulia, kama vile wenye maduka ya ujenzi wanavyokodisha mashine za kuchanganya zege. Vyuo vya ufundi stadi navyo vinaweza kuifundisha kazi hii kama ufundi wenye kanuni, badala ya kuiacha iwe kibarua cha kukata na kutandaza.

Kwa upande wetu wa afya kuna jambo moja lililo jepesi. Tunapomruhusu mzee kurudi nyumbani kutoka wodini, humpa dawa na tarehe ya kliniki. Mara chache tunamuuliza aliyekuja kumchukua: sebuleni na chumbani kwake chini kuna nini? Swali hilo halina gharama. Ndugu akijibu kwamba kuna zulia, aambiwe apite juu yake leo kwa kuburuta nyayo, kutoka kitandani hadi msalani, taa ikiwa imezimwa. Mahali popote ambapo unyayo wake utakwama, zulia hilo likazwe kabla ya magharibi. Kama hakuna wa kulikaza, liviringwe na litolewe nje.